Kiungio Kidogo na Shutuma ya Plato

Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, Plato anamshutumu mwigaji kwamba hujua sura ya kitu tu, si kazi yake. Treni za mfano za uwiano wa 1:160 zinampinga. Kwa miaka mingi mabehewa yake yaliunganishwa kwa ndoana nene ya kampuni ya Arnold, isiyofanana na kiungio cha treni halisi za Marekani; ilishika, basi. Vichwa vipya vingi vya mifano ya treni za Marekani sasa hutoka na kiungio kinachoiga kile ambacho Eli Janney alikipatia hataza mwaka 1873: hujifunga mabehewa yakigongana, huachana bila mtu kuingia kati. Huwezi kuliiga tendo hilo pasipo kuelewa kwa nini wafanyakazi wa reli walikuwa wakikatwa vidole walipoingia kati ya mabehewa.

Utasema ni udanganyifu, maana kiungio hicho kidogo hufunguliwa na sumaku, tena mara nyingi kimezidi uwiano. Kweli. Lakini ukigawa urefu kwa 160, ujazo, na pamoja nao uzito, hugawanyika mara milioni nne na ushei. Kiungio sahihi kabisa kwa macho kingeweza kuachia kwa mtikisiko mdogo tu. Mwigaji mwaminifu hulazimika kuchagua wapi akosee, na uchaguzi huo, ambao Plato hakuupa nafasi, hauwezekani kwa anayejua sura peke yake.