Fungu la Kila Mmoja

Huko Osiri, upande wa Migori, ambako vijana hushuka mashimoni kutafuta dhahabu na akina mama huponda mawe juani, haki ina mizani yake, nayo ni ile ndogo ya mnunuzi, ipimayo chembe za dhahabu kwa sehemu za gramu, wala hapana muuzaji aonaye haya kuikodolea macho. Lakini jioni, watu hao hao wakikaa kula, kupimiana huhesabiwa kuwa ni utovu wa adabu. Je, kumgawia kila mtu wa nyumbani fungu lake ni uadilifu, au ni kuitia jamaa ubakhili?

Suala hili hudhihirika mama apikapo mikate midogo ya nyama kwa chakula cha usiku. Huchanganya nyama ya kusaga na yai, kitunguu na chenga za mkate, akaifinyanga kwa idadi ya walaji, akaipanga katika sufuria pana, akaweka makaa chini na juu ya kifuniko, na ikikaribia kuiva akaipaka rojo la nyanya, sukari na siki mpaka uso ukang'aa. Udogo wake una sababu: nyama iliyosagwa hutaka moto ufike katikati kabisa, na mkate mdogo huiva upesi, tena kila mtu hupata ukingo ulioshika rangi, ambao, tusifichane, ndio ugombewao.

Watu wa sinia, yaani walao pamoja katika chombo kimoja, nami ni mmoja wao, watasema kwamba Wajaluo wa zamani walikula pamoja katika duol, kibanda cha mwenye boma, wanaume na wavulana wakiletewa chakula kutoka nyumba ya kila mke. Ni kweli, lakini zama hizo hizo kuku alikuwa mwiko kwa mwanamke aliyempika, na katika chungu cha shirika mkono mwepesi daima huutangulia mkono wa mtoto.

Dini hazikushikilia umbo la meza. Sura ya An-Nur, aya ya 61, haioni ubaya watu wakila pamoja au mbalimbali. Mana jangwani ilipimwa pishi kwa kila mtu. Naye Paulo, alipowakemea Wakorintho, kilichomuudhi ni kwamba mmoja alilewa hali mwenziwe ana njaa.

Aristotle, akimjibu Plato, alisema kwamba mali yote ikiwa ya shirika ukarimu hauna pa kutendeka, kwa kuwa mtu hutoa katika kilicho chake. Naiona hoja hii ikisimama hata juu ya mkeka: mtoto aliyeacha mnofu siniani hajulikani kama amejinyima au ameshiba, bali aliyeukata mkate wake nusu akampa nduguye ametoa, naye mwenyewe anajua kiasi alichotoa.

Inabaki taabu ya mgeni. Akipiga hodi, watu wa sinia husogeza magoti tu. Mikate iliyokwisha hesabiwa haisogei. Mpishi mwenye uwezo huoka mmoja wa ziada, na hilo nalisifu kuliko falsafa yangu yote. Pasipo uwezo huo kisu hutolewa, na hofu yangu ni kwamba mkate utakaokatwa, leo na kesho, utakuwa ule wa mama.