Picha ni ya Nani?

Ndugu msomaji, hebu niambie: mwenye haki juu ya machozi ni nani, anayelia au anayempiga picha?

Hapa kwetu Tunduma ardhi imepanda bei. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mwaka 2019 kikazinduliwa kituo cha pamoja cha mpaka, sisi na wenzetu wa Nakonde. Malori yanapanga foleni kwenda Zambia na Kongo, na penye vyumba vya kupanga vya tofali za kuchoma panaota gesti. Mpangaji anasogea pembeni, halafu anasogezwa tena. Hakuna greda lililomgusa. Ni kodi tu.

Mimi niliishia kidato cha nne. Nina simu yenye kamera, basi nikajiona mtengenezaji filamu. Nikamfuata jirani yetu muuza vitumbua siku anahama, kajitwika godoro.

"Shikamoo mama. Naomba nikupige picha, watu wajue."

"Marahaba mwanangu. Wakishajua?"

Nikakosa la kusema. Simu nikaitia mfukoni, nikampokea godoro.

Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa filamu ya Darwin's Nightmare, kuhusu sangara wa Mwanza. Ikawania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete akailaani hadharani, kwamba inaipaka nchi matope. Jamani, fahali wawili waligombana. Watoto wa mitaani walioonekana mle ndani, nyasi zenyewe, walipata nafasi gani ya kusema?

Utaniambia: usipopiga picha, kesho wenye gesti watasema hapa palikuwa pori. Kweli kabisa. Kunyamaza nako ni kumfuta mtu. Ila filamu huru haina bosi. Hiyo ndiyo raha yake na ndiyo hatari yake, maana aliye huru hana wa kumkanya. Lazima ajikanye mwenyewe. Nadhani sura ya mtu ni kitu cha kuazima: unamwonyesha mwenyewe kwanza, kabla ya wageni, na akisema "hapa kata", unakata.

Juzi nilimfuata anakoishi sasa. Akakubali, kwa sharti moja.

"Godoro usilionyeshe. Onyesha vitumbua."

Sasa filamu ya kuhamishwa isiyo na godoro itamweleza nani nini? Bado naumiza kichwa. Lakini godoro ni lake.