Nguo Iliyofuliwa Bado Inahitaji Kibanio

Neno: Ufunuo 16:15, Waefeso 4:14, Matendo 27:13-44



Wiki hizi upepo umetusumbua. Sisi tunaokaa upande huu wa Ngong tunaujua. Si bure mitambo ya umeme wa upepo iliwekwa juu ya vilima vyetu. Mama anaamka mapema, anafua, anasuuza, anakamua, anaanika. Akirudi kutoka sokoni, shati la shule liko kwa michongoma, shuka iko kwa ploti ya jirani, na soksi moja haijulikani iliko. Je, nguo hazikufuliwa? Zilifuliwa, tena zikang'aa. Shida haikuwa kwa beseni. Shida ilikuwa kwa kamba.

Hapo ndipo tusimame leo. Kuoshwa ni jambo moja, kushikiliwa ni jambo lingine. Damu ya Yesu imetuosha, hiyo hatubishani. Lakini katika Ufunuo 16:15 Bwana anatangaza baraka kwa mtu anayekaa macho na kuchunga nguo zake, asije akaaibika mbele za watu. Angalia vizuri: haongei na mtu asiye na nguo. Anaongea na mtu ambaye tayari amevikwa.

Makanisa mengi tunajua sana kufua. Mkutano wa injili ukiisha, tunahesabu waliookoka na tunashangilia. Nilipokuwa nikisomea biashara tulifundishwa kwamba kumpata mteja ni hesabu moja, na kumhifadhi ni hesabu nyingine. Hebu tujiulize: wale waliokuja madhabahuni mwaka jana, wako wapi leo?

1. Upepo si adui

Nguo ikikosa upepo hukauka polepole, na mwishowe inanuka uvundo. Upepo ule ule unaokausha ndio unaoangusha. Tofauti ni kama nguo imeshikwa. Kwa hivyo usitumie maombi yako yote kumwambia Mungu azime kila upepo. Kazi kuisha, kodi ya nyumba kupanda, ugonjwa kuingia nyumbani: mtu aliyeshikwa hupita hapo akatoka amekomaa.

Lakini kuna upepo ambao Paulo anatuonya juu yake kwa Waefeso, ule wa mafundisho yanayowapeperusha walio wachanga katika imani. Siku hizi unavuma kupitia simu. Mtu anaona video, anaambiwa apande mbegu ili apate kazi ng'ambo, na karo ya mtoto inatumwa kwa nambari asiyoijua. Mpendwa, huo si unabii. Hiyo ni nguo inaondoka kwa kamba.

2. Umebanwa kwa nini?

Unaweza kuwa na pegi nzuri, lakini kama mti wa kamba umeoza, zote zitalala chini pamoja. Kuna watu wamebanwa kwa mchungaji. Siku akihamishwa, wanapotea. Wengine wamebanwa kwa kwaya. Wakikosana na kiongozi, wokovu umeisha. Na kuna wanaotundika maisha yao kwa michongoma. Michongoma inashika kweli, lakini siku ya kutoa nguo, inararua. Marafiki wengine wako hivyo. Kamba yetu ni Kristo. Yeye hahamishwi.

3. Kibanio kimoja hakitoshi

Shuka ikibanwa mahali pamoja, upepo unaizungusha. Ikibanwa pembeni tu, inajaa kama tanga la jahazi na vibanio vinaruka. Anayejua kuanika huikunja juu ya kamba, anabana pembe zote mbili, kisha anaongeza katikati.

Katika Matendo 27, ile meli aliyopanda Paulo ilipopigwa na dhoruba, mabaharia walipitisha kamba chini yake kuikaza. Usiku walipoogopa miamba, walitupa nanga nne, si moja. Meli ilivunjika, lakini watu wote 276 walifika nchi kavu.

Basi Jumapili peke yake ni kibanio kimoja. Ongeza Neno nyumbani, hata kama ni sura moja kabla ya kupanda matatu. Ongeza maombi. Ongeza ushirika wa nyumba kwa nyumba, ambapo mtu anajua jina lako na anaona ukikosekana. Tena vikague. Pegi ya plastiki ikikaa sana juani inavunjika vidoleni, ingawa kwa macho ilionekana nzima. Maombi ya mwaka jana hayawezi kukushika leo.

4. Iliyoanguka haitupwi

Hakuna mama anayekuta shati la mtoto kwa matope akasema, "Basi, hilo si letu tena." Analiokota, analirudisha kwa beseni, analianika upya, na safari hii anaongeza kibanio. Kama wewe ndiye uliyeanguka na unasoma haya kwa sababu mtu amekuletea karatasi hii, sikia: maji yako bado yapo. Rudi.

Na sisi tulio kwa kamba, tukumbuke desturi ya ploti. Upepo ukianza na jirani yuko kazini, huanui zako pekee ukafunga mlango. Unaanua na zake, unamkunjia, unamwekea. Humwulizi kwanza kwa nini hakununua pegi za kutosha.

Kazi ya wiki hii ni moja. Fikiria mtu mmoja ambaye hujamwona kanisani kwa mwezi. Usimtumie ujumbe wa kumlaumu. Mpigie simu, au piga hodi kwake. Muulize anaendeleaje, umsikilize, uombe naye.

Tuombe: Baba, asante kwa kutuosha. Tushikilie wakati upepo unavuma. Utupe macho ya kuona nani ameanguka, na mikono ya kumwokota bila kumwaibisha. Katika jina la Yesu, Amina.