Miche, Spika na Mita 60

Hivi mti na amani vinahusiana nini? Wangari Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, wengi waliuliza hivyo, wengine kwa kejeli. Siku hizi hakuna anayeuliza. Ukitangaza maonyesho ya amani na mazingira pale Tukuyu, kila mtu anajua atakachokikuta: maturubai, spika, ngoma, miche ya bure, fulana yenye picha ya kipunji (yule kima wa Mlima Rungwe ambaye wanasayansi walimtambulisha rasmi 2005 tu), viongozi wa dini safu ya mbele, na mgeni rasmi ameshika mche akisubiri kupigwa picha.

Sina ugomvi na maonyesho. Watu wanahitaji kukutana, na mche wa bure ni mche. Ninachojiuliza ni kama mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kununa panaweza kuitwa pa amani.

Chukua mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, nayo ya 2004, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Ofisini, huo ni mstari kwenye ramani. Rungwe ni habari nyingine. Vijito ni vingi, mabonde yamebana, na mashamba ya migomba, viazi na parachichi yamekatwa vipande kila kizazi kinaporithisha. Pima mita 60 kila upande wa kijito uone kinachobaki. Huyu atabakiwa na nusu shamba, jirani yake hatabakiwa na kitu. Na wa bonde la chini, anayesubiri maji hayohayo, ana haki yake pia. Wote watakuja kwenye maonyesho, na wote watapiga makofi.

Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku na mumewe Godfrey miaka ya 1930, ameandika katika Good Company (1951) juu ya kitu walichokiita pumzi ya watu. Majirani wakinung'unika juu ya mtu aliyevunja desturi, iliaminika baridi inamwingia mwilini, anaugua. Dawa yake ilikuwa kusema. Kabla ya tambiko, mwenye kinyongo alitakiwa akitoe mdomoni, ndugu zake wakisikia. Kutabasamu huku moyo umefungwa kuliharibu shughuli nzima.

Jamani, sisemi turudi huko. Pumzi ile ilikuwa silaha pia: ukizidi wenzio kidogo, au ukiwa mkaidi kidogo, unasemwa mpaka unahama. Lakini mpangilio wao naukubali, ugomvi kwanza, sherehe baadaye. Sisi tumebaki na sherehe.

Mtu atasema maonyesho si baraza la ardhi, na ukiwafungua watu midomo uwanjani zitarushwa ngumi. Inawezekana, na ni hoja nzito kuliko wanaopenda mijadala wanavyokubali. Ila wasiposema pale kwenye watu na mchana kweupe, watasemea wapi? Miche iliyopandwa kando ya kijito kwa mbwembwe ikikutwa imeng'olewa asubuhi, tunakimbilia kusema wananchi hawana elimu ya mazingira. Mara nyingine aliyeng'oa anaijua elimu hiyo vizuri sana. Anajua pia mche ukishakuwa mti, shamba si lake tena.

Wangari mwenyewe hakuanza na makofi. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa Uhuru Park, akatukanwa hadi bungeni. Januari 1999 alikwenda kupanda miti msitu wa Karura, akapigwa hadi kuumizwa kichwani. Siku hiyo nani angeiita amani? Alikuwa akisema hadharani ardhi ya umma inakwenda kwa nani.

Ningekuwa mwandaaji, ningetandaza kamba ya mita 60 uwanjani kabla ya hotuba ya kwanza. Mgeni rasmi ashike ncha moja, asimame kwenye mto. Mkulima wa bondeni ashike nyingine, kisha apewe kipaza sauti atuonyeshe, juu ya kamba hiyo, jiko lake liko wapi, kaburi la baba yake liko wapi, na migomba inaanzia wapi. Ngoma zisubiri.