Kura Yako ni Ushahidi Wako



Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake. Wazee wetu, vijana wetu, na mama zetu mlio upande wa pili wa pazia, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, kumcha Allah.

Leo tuzungumze juu ya kura. Wapo wanaoona kuwa kura si jambo la msikitini. Lakini mtu akisimama mbele ya kadhi akasema fulani namjua, ni mwaminifu, ataulizwa na Mola wake juu ya kauli hiyo. Na anayeweka alama kwenye karatasi ya kura anatoa kauli hiyohiyo: huyu namjua, anafaa kubeba amana ya watu. Aya ya 135 ya Surat An-Nisaa inatuamrisha tusimame na uadilifu katika ushahidi, hata ukitugusa sisi wenyewe, wazazi wetu na jamaa zetu. Sioni pa kuipitisha kura nje ya amri hiyo.

Sisi wa Karatu tunayo historia ya kutoa ushahidi wa namna hiyo. Mwaka 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe mwaka 1992, Dk. Willibrod Slaa alishinda kura za maoni za ubunge ndani ya CCM, kisha jina lake likakatwa juu. Sheria za nchi hii hazimruhusu mtu kugombea bila chama. Hata Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyo hapo Arusha, ilikuja kusema mwaka 2013, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki. Basi Slaa akahamia CHADEMA, chama kichanga wakati ule. Wakulima wa Rhotia, Endabash na Mang'ola hawakufuata bendera waliyoizoea. Walimfuata mtu waliyemjua. Wakamchagua 1995, wakamrudisha 2000, wakamrudisha tena 2005. Alipoondoka kwenye ubunge, jimbo likabaki upinzani kupitia Mchungaji Israel Natse na kisha Willy Qambalo, mpaka CCM ilipolichukua mwaka 2020.

Slaa huyu alikuwa padri wa Kikatoliki, tena aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu. Najua mtu anaweza kuuliza: yatuhusu nini? Ndugu yangu, yanakuhusu kwa sababu Surat Al-Maida, aya ya 8, inatukataza kuacha uadilifu kwa ajili ya chuki juu ya watu. Asiye wa dini yako akitenda haki, sema ametenda haki. Sisi tulioishi naye jimbo moja, tukachota maji naye na kuzika naye, ndio wa kwanza kudaiwa ushahidi huo.

Na yapo ya kushuhudia. Tarehe 15 Septemba 2007, pale Mwembe Yanga, Temeke, alisimama hadharani akasoma orodha ya watu 11 aliowatuhumu kwa ufisadi. Majina hayo sitayasoma hapa, maana kutuhumiwa si kuhukumiwa, na ulimi wa msikitini usiwe wa kusengenya. Lakini suala alilolipigia kelele, la akaunti ya EPA ya madeni ya nje, ambamo shilingi bilioni 133 zilichotwa Benki Kuu, halikuwa uzushi. Januari 2008 Rais Kikwete alimwondoa gavana wa benki hiyo. Mwaka huohuo Slaa akasema mbele ya umma kwamba mapato ya wabunge ni makubwa mno, na yeye mwenyewe alikuwa mbunge anayeyapokea. Huo ndio ushahidi unaomgusa mwenye kuutoa. Mwaka 2010 akagombea urais, akapata kura zaidi ya milioni 2, zaidi ya robo ya zilizopigwa.

Uadilifu una upande wake wa pili. Mwaka 2015 CHADEMA ilimpokea Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyetoka CCM, na kumsimamisha kugombea urais. Tarehe 1 Septemba, siku 54 kabla ya kura, Slaa akaupinga uamuzi huo na kutangaza kuachana na siasa, kisha akaenda Kanada. Mwaka 2017 Rais Magufuli akamteua kuwa balozi, akapelekwa Sweden. Mwaka 2023 akaupinga mkataba wa bandari na kampuni ya DP World, akavuliwa hadhi ya ubalozi. Mwaka 2025 akarudi CHADEMA. Mimi naona kuondoka kwake katikati ya kampeni kuliwaacha watu waliomwamini bila mtu wa kuwajibu, nao walikuwa na haki ya kujibiwa. Nalisema hilo. Ila nasikia vijana barazani wanamwita mnafiki, na hapo nawazuia. Sahaba Usama bin Zayd alimuua mtu aliyekwisha tamka shahada, akidai aliitamka kwa hofu tu. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamuuliza kama alimpasua moyo akaona kilichomo. Kitendo tukipime. Moyo tumwachie aliyeuumba.

Tutazame na ushahidi wa jirani zetu wa juu huko, tukishapita lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro. Marehemu Moringe ole Parkipuny, aliyekuwa mbunge wa Ngorongoro miaka ya 1980, alifika Geneva mwaka 1989 kueleza mbele ya kikao cha Umoja wa Mataifa hali ya wafugaji na Wahadzabe. Na Agosti 2024, tangazo la serikali lilipofuta kata na vijiji vya tarafa ya Ngorongoro, watu walitoka wakasimama barabarani siku kadhaa, wakitaka, pamoja na mengine, haki ya kupiga kura kwao badala ya kuambiwa waifuate Msomera kule Handeni, ambako serikali ilikuwa ikiwahamishia. Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha tangazo hilo. Wenzetu wanasimama juani kuidai kura. Sisi tunaiuza kwa kilo ya sukari na kitenge!

Tusijifiche nyuma ya jina la takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Sheria iliihalalisha kwa wagombea mwaka 2000, na Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006. Sisi tulikuwa na hukumu kabla ya hapo. Mkusanyaji wa zaka, Ibn al-Lutbiyya, alirudi akasema hii ni yenu na hii nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari akauliza, lau angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, angeletewa? Nawe jiulize: mgombea huyu angekukumbuka kwa sukari mwaka usio wa uchaguzi?

Kwa hiyo aliyekwisha pokea, toba yake haitimii kwa istighfari peke yake. Amrudishie aliyempa. Asipompata, awape mafukara, bila kuihesabu kuwa ni sadaka yake, kwa sababu mali haikuwa yake. Na aliyeapishwa kwa msahafu kwamba atampigia kura aliyemhonga, asifungwe na kiapo hicho. Amchague anayemjua kuwa anafaa, kisha atoe kafara ya kiapo: alishe maskini 10 au awavishe. Asiyeweza, afunge siku 3.