Namba za Watu Ni Amana

Wajukuu zangu, simu mnazolala nazo zimekuwa mashahidi wenu mbele ya watu msiowajua. Nisikilizeni, hasa nyinyi mnaokimbilia mkopo wa simu kila mfuko unapokauka.

Tangu huduma ya mkopo wa simu ya M-Shwari ianze nchini Kenya mwaka 2012, mkopo mdogo hautaki tena mdhamini wala hati ya shamba. Kompyuta hupima mwenendo wako wa pesa na simu, kisha hukupa kiwango. Programu zilizofuata ziliomba zaidi: zisome ujumbe wako wa M-Pesa, zijue ulipo, zione unampigia nani. Wapo wakopeshaji waliotazama hata namna unavyohifadhi namba, wakimwona mwenye kuandika jina na ukoo kuwa mlipaji mwema. Basi kijana aliyemwandika mamake "Mama" ana kosa gani? Mashine haimjui mama yako; inahesabu majina tu.

Kwa hiyo ukinyimwa, usijione huna thamani. Na ukipewa kiwango kikubwa, usijidhani tajiri: kukopa harusi, kulipa matanga.

Ila linaloniuma zaidi ni hili. Shangazi, mwalimu na baba mkwe waliomo simuni mwako hawakuomba mkopo wowote. Ulipobonyeza "Kubali" uliwatoa bila idhini yao. Wengi walikuja kupigiwa simu na wadai na kutajiwa deni la mtu mwingine, wakaaibika naye. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zimekataza wakopeshaji kuwaendea watu wako hivyo, lakini aibu iliyokwisha kusambaa hakuna kanuni inayoizoa.

Basi shikeni haya. Someni programu inaomba ruhusa gani. Ikitaka majina ya watu, kataeni. Hakikisheni mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Mkihukumiwa na mashine peke yake katika jambo zito, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inawapa haki ya kuomba uamuzi huo utazamwe upya. Andikeni, daini, msione haya.

Deni lako utalilipa na litaisha. Namba ya mtu ukishaitoa, huna njia ya kuirudisha. Aliyekupa alikuamini wewe, hakuiamini kampuni, mlindie.