Mwenye Dhiki Asikilizwe Kwanza



Katika miji yetu ya pwani, mtu akishikwa na huzuni isiyomtoka, hali wala halali, huwa ana milango miwili. Mmoja ni wa mganga, naye atamwambia ana pepo, amtake mbuzi na ubani. Wa pili ni wetu sisi tunaojiita wenye ilimu, nasi twamwambia: imani yako ni dhaifu, kasali. Mlango wa mganga umekwisha semwa sana. Leo na tuuseme wetu.

Imamu Ahmad amepokea kuwa kijana mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akamtaka ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo wakamkemea anyamaze. Mtume akamwita karibu, akamketisha, akamwuliza kama angeridhia jambo hilo kwa mamake, kisha kwa binti yake, kisha kwa dada yake. Kila mara kijana alijibu la. Ndipo akamwekea mkono, akamwombea. Tazameni mpango wake: kumkaribisha mtu, kumwuliza, kumwacha aitamke haki kwa ulimi wake mwenyewe, na dua mwisho. Sisi twaanza na dua ili mtu aondoke upesi.

Nami nakiri kosa langu. Mama mmoja alinijia baada ya Alasiri, mwanawe amekufa maji. Nalimsomea fadhila za subira kabla hajamaliza kusema. Akashukuru, akajifunika buibui lake, akenda zake, wala hakurudi tena. Nabii Yakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakageuka meupe. Ni nani athubutuye kumwita mwenye imani dhaifu?

Wako wasemao kuwa mambo haya ni ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslaha ya miili na nafsi, akasema kuwa nafsi huugua kama mwili uuguavyo. Huzuni akaigawa mbili: yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa, na isiyojulikana sababu yake. Ya kwanza aliitibu kwa maneno na fikra. Ya pili akaitafutia asili katika damu, na dawa yake katika mwili. Miaka zaidi ya elfu baadaye, mwaka 1957, Carl Rogers wa Marekani aliandika kuwa mshauri hana budi awe mkweli, ampokee mtu bila ya sharti, na ayafahamu machungu ya mwenziwe kana kwamba ni yake.

Na siri ni amana. Maneno ya chumbani yakifika barazani, hatakuja wa pili.

Wala hatusemi kuwa kila asikilizaye ni tabibu. Asemaye kuwa ataka kujiua, au asikiaye sauti wasizozisikia wenziwe, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mtu afuatane naye. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu mwaka 2014. Basi ajitiaye mshauri na aulizwe usajili wake, kama tumwulizavyo mwalimu wa chuoni alisoma kwa nani.